Tromboni ya Marehemu

Asali, ambaye mjini hakuna aliyejua jina alilopewa na mamake, alikwenda kwa mjane wa mpiga bendi kutoa rambirambi zilizochelewa miaka miwili. Macho yake yakatua juu ya kabati, kwenye sanduku jeusi. Ndani, juu ya mahameli nyekundu, ililala tromboni ya zamani: haina hata kibonyeo, rangi yake ya kiwandani haijabanduka, na mrija wake wa kuvuta uliteleza kama ulimi wa Asali mwenyewe.

"Shangazi," alisema kwa huzuni, "shaba ya umri huu huugua. Ikikaa humu ndani itaambukiza masufuria."

"Basi ichukue, mwanangu. Ila si bure. Niletee cherehani."

Cherehani alikuwa nayo. Yaani, mkewe alikuwa nayo, naye mke alikuwa kwa dada yake hadi Jumamosi. Asali akaibeba hadi kwa mjane, akarudi na tromboni. Alichotakiwa kufanya ni kuuza tromboni na kununua cherehani nyingine kabla mwenye mali hajashuka kwenye basi.

Mnunuzi alikuja Jumamosi yenyewe: mzee mwembamba, koti la bendi, kipulizio chake mfukoni, maana mpiga tromboni hatii mdomoni cha mtu. Aliuinua mrija, akauachia. Ukashuka wenyewe, polepole, bila kukwaruza. Mzee akafumba macho.

"Za siku hizi zinapiga kelele. Hizi za zamani zinaongea."

"Na hii ina maneno mengi, mzee wangu! Wako watatu wanaililia."

"Bei sina neno nayo. Lakini mimi hupiga kwenye misafara ya harusi, lazima nijue sauti inafika wapi. Nami nikiwa nyuma yake siwezi kujua. Simama hapo mlangoni, nirudi nyuma nikipiga."

Asali, ambaye hajawahi kukataa kusifu bidhaa, akasimama, kiganja sikioni.

"Unasikia?" mzee aliuliza, hatua kumi mbali.

"Kama uko mfukoni mwangu!"

Akafika duka la viatu. "Na hapa?"

"Nasikia! Hiyo ndiyo tromboni, si mchezo!"

Mzee akakata kona. Sauti ndefu, nzito, tamu ikaja juu ya mapaa. Wapita njia wakasimama. "Nasikia!" Asali alipaza sauti kwa fahari, akipandisha bei kwa kila mtaa. "Bado nasikia!" Ikaja nyembamba. "Nasikia kwa mbali!" Kisha hakusikia kitu, na hapo ndipo akili ilipomfikia, ikihema.

Akatimua mbio hadi konani. Kimya. Kupiga mayowe ya mwizi hakuthubutu. Angeulizwa tromboni aliitoa wapi. Badala yake akagongana na mkewe, mizigo mikononi, uso umechangamka.

"Mke wangu! Hujamwona mzee mwenye tromboni?"

"Si huyo niliyepishana naye mlangoni mwa basi? Anapiga huyo, mume wangu, kituo kizima kilitokwa na machozi! Nilishindwa kujizuia, nikamtunza. Na nauli nikamlipia." Akamtwika begi kubwa kuliko yote. "Haya, twende upesi. Nina gauni la bibi harusi la kushona leo."