Kichupa Kilichokataa Kumwagika

Jumatatu, 3 Machi
Dada Selestina ana saratani begani. Hospitali wamempa nafasi kwenye majaribio ya dawa mpya. Inachomwa kwa sindano ikiwa baridi, majimaji. Ikikutana na joto la mwili inaganda kama mlenda, inatulia kando ya uvimbe na kuachia dawa kidogo kidogo, kuamsha kinga iushambulie. Mwisho wa kukubali ni Ijumaa. Dada kagoma. Hachomwi kitu ambacho hajakiona kikifanya kazi. Mumewe, shemeji Okwach muuza samaki, kambembeleza kwa sato wa kukaanga. Wapi! Sato kaliwa, jibu lile lile. Kazi hii inataka mtu wa akili. Mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimemfuata nesi Dorotea. Nimemwamkia shikamoo mara mbili, japo namzidi umri. Kanipa kichupa cha kuonyeshea wagonjwa, kina majimaji yale yale ila hayana dawa. Kasisitiza nikibebe kwenye barafu. Okwach alikuwa ameniazima boksi lake la samaki. Nimeliacha nyumbani makusudi. Sayansi inuke sato? Tena sifa achukue yeye! Nimekitia mfuko wa shati, karibu na moyo. Naelekea Kisesa, kwa dada.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Jana nilikusanya ukoo mzima, nikahutubia robo saa kuhusu majimaji. Nikakipindua kichupa. Hata tone! Kiliganda njiani, kifuani mwangu. Okwach akauliza kama nimeleta gundi ya viatu. Kisha akakizamisha kwenye barafu, katikati ya sato wake. Tukanywa chai. Alipokitoa, maji matupu.

Dada akakinyakua, akakifumbata. Akafungua kiganja: kimeganda. Akakirudisha kwenye barafu, akaanza upya. Mara tatu.

“Kumbe kinanisubiri mimi nikipashe,” akasema. “Kesho nipelekeni.”

Leo kaweka saini. Kamshukuru Okwach. Mimi kaniambia nirudishe vikombe.

Jumatano, 2 Aprili
Daktari kapima baada ya dozi ya kwanza. Uvimbe umepungua milimita nne! Kasema bado mapema, tusipige vigelegele. Dada kavipiga korido nzima. Okwach kalia, akasingizia vitunguu. Hospitalini!

Dozi ya pili ni Ijumaa. Nimemtumia Dorotea ujumbe: safari hii dawa yenyewe nitaifuata mimi stoo, wasihangaike na boksi. Hajajibu. Nadhani amefurahi mno.

Fundi kanishonea shati jipya. Lina mifuko miwili.