Moshi wa Viwanda Wahamishiwa Uru

Jumatatu saa nne asubuhi, Kitengo cha Muda cha Kuzika Hewa Ukaa kilitangaza kwamba moshi wa viwanda vya mjini hautapanda tena angani. Utashuka. Mratibu wa Kitengo, Bwana Kornel, alilisoma tangazo mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mpiga picha alikuwa hajafika.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Hewa ingenaswa kwenye dohani, ishindiliwe kwa bomba hadi chini ya miamba, ikae huko milele. Wataalamu walishauri kina cha kilometa moja. Bajeti ilishauri mita sita. Kamati ikakubaliana na bajeti.

Eneo lililoteuliwa lilikuwa kihamba cha Mektrida huko Uru, shamba la migomba na kahawa alimomzika mumewe. Kornel alimkuta akipogoa kahawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja kupima tena?"

"Tumeshapima. Utahama kabla ya Ijumaa, kwa usalama wako."

"Si mlisema hiyo hewa haina madhara?"

"Haina kabisa."

"Sasa nahama kwa nini?"

"Ili isikudhuru."

Kornel aliona amejibu vizuri. Akajaza fomu: mwananchi ameelimishwa.

Ijumaa akaja Mgeni Rasmi na magari saba kuzindua shimo, lililokuwa limeshachimbwa na kuwekewa kifuniko. Mektrida, ambaye hakuwa amehama, akaomba kusema neno.

"Mheshimiwa, sisi hatuna elimu ya kuilinda hewa hii. Mratibu anayo. Akijengewa nyumba hapa juu ya kifuniko, akalala hapa na wanawe, kihamba nakitoa bure."

Mgeni Rasmi alikuwa akisoma simu, ila neno bure alilisikia. "Wazo zuri sana. Mratibu, unahamia Jumatatu."

Watu wakapiga makofi. Kornel naye akapiga.

Jumamosi, siku ambayo Kitengo hakijawahi kufanya kazi, kamati ilikutana na ripoti ya wataalamu ikasomwa yote kwa mara ya kwanza. Ikabainika kwamba hewa hiyo ikivuja hutuama mabondeni, haina harufu, na huua.

"Kwa hiyo yule mama tungemuua?" akauliza karani Theodora.

"Hilo lisiingie kwenye muhtasari," Kornel akasema, kisha akamwandikia Mheshimiwa kwa mkono wake kwamba eneo halifai kwa makazi ya binadamu.

Jibu la Mheshimiwa lilifika haraka kuliko barua yoyote aliyowahi kupokea. Mradi umefutwa. Agizo la kuhamia halijafutwa, kwa kuwa lilishatangazwa redioni.

Jumatatu Kornel akafika Uru na godoro. Mektrida akampokea vizuri, akampa chai, halafu akampa koleo na kumwonyesha shimo.

"Anza kufukia upande huu, baba," akamwambia. "Mita sita si nyingi."