Koplo Odoyo Amesema Ninyamaze

Jumatatu, 3 Machi
Asante Mungu! Kuanzia leo mimi si mtu wa boda tu. Ni macho ya serikali. Koplo Odoyo amenivuta kando hapa steji ya Ekerenyo, akaniuliza kama naweza kumwambia bangi inapita na nani. Hii kazi ndiyo ilikuwa inanitafuta! Sharti moja: hata mama asijue. Wenye mzigo wakinijua, nimekwisha. Nimemshukuru mpaka akauchomoa mkono wake.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza. Miwani nyeusi, koti la mvua, jua kali. Masese, adui yangu wa steji, ameuliza kama macho yananiuma. Wivu! Nimemfuata Ratemo mnunuzi wa ndizi, nikajificha kwa shamba la majani chai. Mwenye shamba akadhani mimi mwizi, akanifukuza na jembe. Lakini nimeona! Wanapakia pikapu: magunia chini, mikungu ya ndizi juu. Nimepigia Koplo.

Alhamisi, 6 Machi
Wameshika pikapu! Magunia sita ya bangi. Wah! Lakini dereva amekataa kutaja mwenye mzigo, kwa hivyo Ratemo bado anatembea. Amekuja steji kuuliza, kwa upole, ni nani alimchoma kwa polisi. Nimevaa miwani yangu tena.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato, kanisani. Mzee Manasseh ameita wenye shukrani. Nikakaa. Nikakalia mikono. Lakini mtu atendewe mema hivi, anyamaze? Nikasimama. Nikasema tu Mungu amenitumia. Mzee akasema ushuhuda bila jina wala mahali ni porojo. Basi nikataja. Koplo. Shamba la chai. Pikapu. Ratemo. Kanisa likaitikia amina, halafu amina ikakatikia njiani. Mama yake Ratemo yuko kwaya. Sauti ya kwanza.

Ni Masese alinitoa na mlango wa nyuma, akanibeba na pikipiki mpaka Nyansiongo kwa shangazi Drusilla. Ameniita mjinga njia nzima. Mungu ambariki!

Jumatatu, 10 Machi
Niko salama, mimi na ng'ombe wa maziwa. Koplo amepiga simu. Amenibembeleza kama mtoto: nisiseme niko wapi mpaka Ratemo ashikwe. Nimeapa. Ulimi uliponza kichwa, nimejifunza!

Lakini watu wa steji wameniombea siku mbili nzima. Nikae kimya kama mtu hana adabu? Nimetuma picha kwa grupu yetu: mimi, ndama, geti la kijani la shangazi, na mbuya mono, asante sana ya Kikisii, kwa wote. Wa kwanza kujibu ni Ratemo, maana naye yuko kwa grupu, sisi ndio humbebea ndizi. Kumbe hana kinyongo! Anataka kuja kunishukuru uso kwa uso, ameuliza tu njia. Huo ni moyo wa Kikristo. Nimemwelekeza mpaka mlangoni, na nimeambia shangazi aongeze maziwa kwa chai.