Bolti Nane za Tangi

Jumatatu, 6 Mei

Gari linatembea upande. Mbele linaelekea sokoni, nyuma linaelekea makaburini. Leo nimeliona kwenye kioo cha duka la viatu: kama mbwa anayekimbia huku anamtazama adui yake.

Daftari hili kanipa binti yangu. Kasema nimpigie simu mara moja kwa siku, si mara saba. Yanayobaki niandike. Haya, naandika. Mimba ina miezi minane. Miguu imemvimba. Nitulie vipi?

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi namfuata huko mlimani kwa wakwe zake, nimlete ajifungulie kwangu. Hospitali iko hatua mia mbili kutoka mlangoni petu. Kwao ni mwendo wa saa nzima, mawe na makorongo. Tulikubaliana zamani. Na barabara ile inataka gari la miguu mirefu kama letu. Kuukuu, ndiyo. Lina umri kumzidi binti mwenyewe. Lakini halijawahi kuogopa jiwe.

Sasa mama mkwe wake, ninayemwita Bi Mapazia, kanipigia alasiri. Sauti ya asali. Kasikia gari langu linaumwa. (Nani kamwambia? Mzee wangu, nani mwingine! Fundi cherehani mzima, na mdomo wake hauna kifungo.) Kasema ikifika Jumamosi saa sita mchana sijatokea, nisijali hata kidogo. Binti atabaki kwake. Chumba kiko tayari, kina mapazia mapya.

Mapazia! Mtoto anazalishwa na mapazia?

Jumanne, 7 Mei

Kaja fundi wa magari wa ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima unamwita Ngojangoja. Kalala chini ya gari robo saa. Nilidhani kapitiwa na usingizi.

Katoka na habari. Springi ya nyuma, upande wa kushoto, imeachia. Inashikwa na bolti tatu: mbili zimekatika, ya tatu inaning'inia kama jino la mtoto wa miaka sita. Kasema ataagiza bolti ngumu, zenye namba kichwani. Zitafika Ijumaa. Ngoja, mama, kasema. Nafikiri ndilo neno alilozaliwa nalo.

Nikamuuliza namba ya nini. Kasema ndiyo inayoonyesha nguvu ya bolti. Mimi niliishia darasa la nne, lakini sijawahi kuona bolti iliyofanya mtihani! Bolti ni chuma, na chuma ni chuma.

Tena Ijumaa ya fundi haina wiki yake. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi getini, nikafunga komeo.

Nitatengeneza mwenyewe. Nimeshatengeneza pasi. Nimeshatengeneza cherehani ya Mzee, na mpaka leo inashona.

Jumatano, 8 Mei

Jibu limekuwa uani kwangu miaka yote! Nimekwenda kuchota maji, nikainua macho. Stendi ya tangi. Ya chuma, miguu minne. Kila mguu umefungwa bolti mbili. Jumla nane!

Nani duniani anahitaji bolti nane? Binadamu anasimama kwa miguu miwili, na gunia la pumba kichwani.

Nikachukua nne. Moja kila mguu, kwa haki, nisiuonee mguu wowote. Tangi lilikuwa na maji robo. Halikusema kitu.

Mzee akaja, futi yake ya kupimia shingoni. Kapima bolti ya zamani, kapima yangu. Kasema yangu nyembamba, itacheza tunduni. Nikamuuliza: mteja akikuletea koti pana, unalitupa? Kasema hapana, unalipunguza kiunoni au unalitia bitana. Basi! Nikachukua kopo la maziwa, nikakata vipande, kila bolti nikaivisha koti lake la bati. Mwenyewe alinogewa, akanionyesha jinsi ya kukunja pindo. Zimekaa mwilini hasa. Ngojangoja na namba zake hajawahi kuona bolti yenye bitana.

Mzee akauliza, na tangi je? Nikamwambia tangi halitembei.

Alhamisi, 9 Mei

Siku nzima chini ya gari. Jeki, magogo mawili, kopo la mafuta ya taa, nyundo. Vipande vya bolti za zamani viling'ang'ania humo ndani kama wageni waliosikia kuna chakula. Nikamwagia mafuta ya taa. Nikapiga nyundo. Kila pigo nikimtaja Bi Mapazia. Pigo la kumi na nne, cha kwanza kikaruka. Cha pili kilihitaji nimtaje pamoja na dada yake.

Nilimwomba Mzee spana ya kumi na saba, kaniletea kumi na nne. Kasema yeye namba hizo anazijua za shingo tu.

Saa nane kichwa kikatokeza juu ya ukuta. Ngojangoja, nani tena. Kasema: mama, usikaze bolti gari likiwa hewani. Lishushe kwanza, springi ibebe uzito, ndipo ukaze. Nikamwambia ahsante baba, nimesikia. Nikakaza likiwa hewani. Siwezi kufundishwa kwangu na kichwa kisicho na kiwiliwili. Nikaivisha spana bomba refu, nikalipanda bomba kwa miguu miwili, nikaruka. Spana ikalia. Mzee kasema sasa ndiyo anaelewa kwa nini cherehani yake inashona kinyumenyume.

Inashona, sivyo?

Nikampigia Bi Mapazia. Nikamwambia gari limepona, lina bolti mpya. Kasema hongera, mkwe wangu. Kisha kasema ila mapazia atayaacha palepale, huwezi jua.

Ee Mungu nipe mdomo mfupi. Nimekata simu kwa adabu.

Binti kasema leo mtoto kampiga teke mpaka kikombe kikadondoka. Nimempigia mara nne tu.

Ijumaa, 10 Mei

Tumelijaribu gari.

Niandike yote kwa utaratibu. Tumetoka getini saa nne. Gari limenyooka! Mbele sokoni, nyuma sokoni. Mzee pembeni yangu kashika dashibodi kwa mikono miwili, bila sababu. Nimewapungia mkono wauza mboga. Nimempungia hata muuza mkaa, ambaye hatusemezani. Hatua mia moja za utukufu.

Kisha tuta.

Lazima tuta lile liwe mbele ya gereji ya Ngojangoja! Mji una matuta mangapi? Gari likapanda. Likashuka. Chini yangu kukalia kwaa! Kisha kwaa! Kisha kimya, na gari likakaa kitako upande mmoja kama mbuzi aliyechoka kuvutwa. Vijikoti vya bati vikabingirika barabarani. Muuza mkaa akaviokota akavileta, akaniuliza kama ni vya mtoto.

Ngojangoja hakucheka. Angecheka ningejua pa kumshika. Kaokota bolti moja, imepinda kama ndoana. Kaigeuza, katazama kichwa, hakuna namba. Kasema taratibu: mama, hizi ni za kushikia vitu visivyotembea. Umezitoa wapi? Nikasema dukani. Kasema kupitia juu ya ukuta aliona tangi letu limeanza kuinama kama mtu anayetafuta sindano. Kasema nisilijaze maji hata kidogo mpaka alifunge.

Nikauliza ziko wapi bolti zako za Ijumaa, bwana? Leo si Ijumaa? Kasema lori lililozibeba limekwama njiani, ni kesho mchana. Kesho mchana! Nilisema mimi! Sijawahi kufurahi hivi nikiwa na hasara.

Furaha imedumu mpaka getini. Saa tisa binti kapiga mwenyewe. Mzee ameshamweleza, na tuta, na muuza mkaa, yote. Kasema mama, usihangaike, mama mkwe ataniteremsha kwa gari lake. Nikamwambia kile kigari? Cheupe, cha mviringo, yai lile? Litapasuka korongo la kwanza! Kasema mama. Akasema tu hivyo, mama.

Nilizitoa bolti nne, nikatumia tatu. Ile iliyobaki nimeirudisha kwenye stendi. Dhamiri safi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeamka mapema. Nimefua mashuka, nimeweka mito mitatu ya miguu. Mwanangu akifika atataka kuoga kwanza, vumbi la njia nzima. Maji ya bomba yametoka asubuhi. Nikajaza tangi mpaka likamwagika. Ngojangoja alisema nisijaze, lakini yeye ana mimba?

Saa tano na nusu Yai likaingia getini. Limeteremka mawe yote yale, makorongo yote yale, bila hata mkwaruzo! Bi Mapazia kaliendesha saa mbili na nusu, jiwe kwa jiwe. Bado kiatu chake kinang'aa. Na binti yangu humo ndani, kazungukwa na mito, mzima, mnene, mrembo, anacheka. Nikasahau magari yote ya dunia. Nikamshika uso. Nikalia kidogo. Kidogo tu, kwa kuwa yule mwingine alikuwa anatazama.

Yule mwingine akasema jua ni kali, rangi ya gari itaungua. Akarudi kwenye Yai akalisogeza kivulini.

Kivuli chenyewe cha tangi.

Niliona. Naandika ukweli, daftari ni langu. Nilifungua mdomo. Lakini ningesema usiegeshe hapo, angeuliza kwa nini. Na kwa nini ina jibu refu, lina bitana, lina tuta. Nikaona nimtoe kwanza ndani ya gari kwa chai, nipate muda wa kufikiri. Nikawaingiza wote ndani. Binti nimemkalisha, miguu yake mapajani kwangu. Bi Mapazia kashika kikombe, anatazama madirisha yangu. Kasema: kumbe hamtumii mapazia?

Hapo ndipo tangi likajibu.

Kwanza mlio wa chuma. Halafu kama mlima unakohoa. Halafu maji yakapita mlangoni yakiwa na sandali za Mzee. Tukatoka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Tangi lilikuwa limejilaza juu ya pua ya Yai, limelikumbatia. Kioo cha mbele kimekuwa chenga za chumvi.

Bi Mapazia kasimama na kikombe chake. Hakikumwagika hata tone. Kauliza kwa sauti ndogo: lilikuwa limefungwa na nini?

Mzee akafungua mdomo. Nikamkanyaga kwa kisigino. Akasema: bolti tano.

Binti yangu ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka akashika tumbo, mpaka nikapiga kelele aletewe kiti, mtoto asije akatoka kwa kicheko. Alicheka akitaja tu: bitana, mama, bitana! Mzee alikuwa amemsimulia mpaka hilo.

Jumatatu, 13 Mei

Gari letu linatembea. Bolti za namba zilifika jana, si Jumamosi, naliandika hilo wazi. Mzee alimwita Ngojangoja kwa siri. Kalishusha gari, springi ikabeba uzito, kisha akakaza, saa moja tu. Sasa gari limenyooka. Mzee anamsifu. Nani aliyesafisha matundu? Nani aliyetoa vipande vyenye kutu kwa mapigo kumi na manne? Mtu akishakufungulia mlango, kuingia ni kazi?

Binti kalala chumba changu. Miguu imepungua. Nikitaka kujua hali yake nanyanyua pazia la mlango tu, sihitaji simu. (Pazia, ndiyo. Bi Mapazia kalitundika. Kayatundika nyumba nzima.)

Maana hajaondoka. Aondoke na nini? Nimesema tumrudishe na gari letu, lina bolti za namba. Kasema ameona linavyotengenezwa. Yai liko gereji, pua imebonyea. Kioo kimepatikana. Kinachokwamisha ni bolti nne zinazoshika ile pua, zimekatika. Ngojangoja kasema anaziagiza. Ngumu, za namba. Zitafika Ijumaa. Ngoja, mama.

Jioni nimemkuta Bi Mapazia kakaa uani peke yake, kwenye ndoo iliyogeuzwa, anatazama pale tangi lilipokuwa. Kasema hajawahi kukaa mbali na nyumba yake siku mbili. Sauti haikuwa na asali hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu. Nikamhurumia. Ndiyo, mimi! Nikamwambia mkwe wangu, tusubiri Ijumaa ya nini? Bolti ni chuma tu. Kazi hii sasa ninaijua, nimeshaifanya. Niachie mimi, kesho saa nne utaliona Yai lako.

Kanishika mkono. Kashukuru kwa moyo wote.

Alipokwenda kuoga nimeingia chumba cha uani anacholala. Kile kitanda cha chuma, sijui kwa nini sikukiona mapema. Miguu minne, bolti mbili kila mguu. Nane! Kwa mtu mmoja, tena mwembamba.

Nimechukua nne. Moja kila mguu, kwa haki. Kitanda hakitembei.