Malalamiko ya Fundi Pindo Dhidi ya Somo la Kinga ya Mwili

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Uuguzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na walimu wako wote, ingawa mimi ninayeiandika si mzima, na chanzo ni ninyi.

Mimi ni fundi cherehani, na mtaani wananiita Fundi Pindo. Mke wangu ni mwanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza, yule anayekaa mbele na kuuliza maswali mpaka wenzake wanaguna. Alipopata nafasi nilifurahi, na sare yake nilimshonea mwenyewe. Alisoma mifupa, tukaishi vizuri. Akasoma misuli, hakuna aliyedhurika. Ila tangu mlipomfungulia somo la kinga ya mwili, nyumba yangu imegeuka wodi na mgonjwa ni mimi peke yangu. Naomba nieleze kwa mpangilio.

1. Mke wangu anajisomea kwa sauti. Anaanza alfajiri, anapokoroga chai: ngozi ni ukuta wa kwanza wa mwili, machozi na mate yanaua vijidudu, tindikali ya tumbo inamalizia vilivyomezwa. Mimi wakati huo bado nimelala. Juzi nilizinduka nikisema "na kamasi", kwa sababu ndilo jibu alilokuwa analitafuta jikoni.

2. Nilipata homa. Nilitaka kidonge na kuonewa huruma, kama mume yeyote. Aliangalia kipimajoto, akatabasamu. Akasema, "Si kali hii. Mwili wako umepandisha joto makusudi ili vijidudu visistawi. Tuuache kidogo ufanye kazi." Nilimwambia mwenye mwili ni mimi na sikuutuma. Akanipa maji ninywe, akakaa kunitazama kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

3. Mama yangu mzazi alikuja kututembelea Jumapili. Tukiwa mezani, mke wangu akaeleza usaha ni nini: ni maiti za chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana na vijidudu. Niliweka kijiko chini. Mama yeye aliendelea kula, akauliza, "Sasa hao askari wanazaliwa wapi, mwanangu?" Akajibiwa kwamba wanazaliwa kwenye uboho wa mifupa. Wakati huo mama alikuwa ananyonya mfupa. Aliutazama, akanyonya kwa bidii zaidi, akasema anaongeza jeshi. Ilibidi mke wangu amweleze kwamba uboho ukiliwa unameng'enywa kama nyama nyingine, hauandikishi askari. Mazungumzo hayo yalichukua muda wote wa chakula.

4. Nilijichoma kidole kwa sindano ya cherehani, kikavimba. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa maana zote mbili. Mke wangu alikuja kibandani kwangu na wanafunzi wenzake wanne kukitazama. Walisimama mbele ya wateja wangu wakataja dalili: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Tatu za kwanza waliziona kwa macho na kwa kugusa taratibu. Ya nne walitaka kuihakikisha, hivyo kila mmoja akakibonyeza kwa zamu. Mteja mmoja aliyeleta suruali ipunguzwe aliomba naye abonyeze.

5. Mama alipofundishwa kwamba zipo chembe zinazomkumbuka adui aliyekuja mara moja tu, na kwamba chanjo huzizoesha sura yake kabla hajafika, aliniuliza mbele ya mke wangu inakuwaje damu yangu ikumbuke surua ya utotoni na mimi nisikumbuke kumpigia simu. Alikuja kwa Jumapili moja. Sasa anasema hawezi kuondoka kabla mada haijaisha.

6. Nimeambiwa yapo magonjwa ambayo kinga humgeukia mwenyewe na kumshambulia kama mgeni. Niliwatazama mke wangu na mama yangu wamekaa upande mmoja wa meza. Nikaelewa bila mfano.

Kutokana na hayo, naomba somo hili lifutwe. Kama halifutiki, basi lifundishwe ndani ya chuo na libaki humo humo, wanafunzi wakaguliwe getini wasitoke nalo. Na kama hilo nalo ni gumu, naomba kwa heshima na upendo mkubwa mke wangu afelishwe, kwenye somo hili tu, na kwa kiasi.

Mheshimiwa, sina ubaya naye. Zamani nikirudi jioni nilikuwa nasimulia habari za kibandani na yeye anasikiliza. Siku hizi ananisikiliza nikikohoa tu.

Nisalimie walimu wote, wapishi, mlinzi wa getini, na yule wa mifupa mitupu mliyemsimamisha kwenye kona ya darasa, ambaye mke wangu humsifia kwa utulivu wake.

Ni mimi mwenye kuheshimu elimu kwa ujumla wake, isipokuwa hiyo,

Fundi Pindo

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutumwa kwa sababu jirani yangu wa kibanda, fundi viatu, aliumwa na nyuki shingoni. Alicheka akaendelea kupaka gundi. Punde midomo ikaanza kuvimba, mwili ukatoka vipele, na alipotaka kusema akawa anapumua kwa mluzi. Watu walileta kitunguu na ushauri. Mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Huo ni mzio. Kinga yake imekurupuka, itamziba koo. Hospitali sasa hivi." Tukasimamisha gari la kwanza lililopita. Alichomwa sindano kabla hajaulizwa jina, na daktari akaniuliza mimi ni nesi wa kituo gani. Nikajibu ni mume wa nesi.

Fundi viatu yuko hai na ameshaanza kulalamika. Mke wangu nilipomweleza alikaa chini, akaniambia nianze upya asikie vizuri.

Kwa hiyo ombi la kumfelisha naliondoa, na yaliyotangulia pia. Badala yake naomba mwalimu airudie mada ya mzio. Mke wangu aliisoma wakati nashona, na kwa kelele za cherehani nusu yake haikunifikia.