Hati ya Moffat na Kondoo Brigedia

Jumapili, 4 Agosti 1974. Karatina.
Ndugu yangu Hezekiah amesoma wasia wake mbele ya kanisa zima. Kurasa tatu, mihuri miwili! Akina mama wakapiga vigelegele. Pasta akasema huyo ndiye mtu anayejiandaa. Mimi nikatazama viatu vyangu. Lazima nimpite.

Jumatatu, 5 Agosti
Nimempita! Mwalimu Masinde amenipigia taipu hati ya kurasa nne. Wasia wa Hezekiah unangoja afe. Hati yangu inaanza kazi nikiwa hai: nikipoteza kauli au nguvu, mke wangu Wachuka ataamua yote. Shamba, mifugo, hata mimi mwenyewe. Mashahidi wawili wametia sahihi. Hezekiah akaisoma, akakohoa, akasema hati ambayo haijajaribiwa ni karatasi ya kufungia sukari. Wivu! Lakini neno lake limeniuma. Basi nitaijaribu.

Jumanne, 6 Agosti
Nimeanguka karibu na zizi saa mbili asubuhi. Nimeanguka vizuri, penye majani makavu. Sisemi neno. Mkono wa kulia nimeuacha ukining'inia. Wachuka akanitazama kwa muda mrefu, akaniinua, akaniletea uji. Hakulia hata kidogo. Ni mshtuko, maskini. Naandika chini ya blanketi.

Jumatano, 7 Agosti
Hati inafanya kazi! Tena mno. Wachuka ameisoma kwa sauti, kisha akaamua ninyolewe ndevu. Ndevu za miaka kumi na moja! Akaamua pia Hezekiah achukue baiskeli yangu ili atufanyie safari za sokoni. Chakula: uji usio na sukari. Kitu kimoja kimenifariji. Penseli yangu ilikuwa butu jana, leo nimeikuta imechongwa. Mungu hasahau wagonjwa.

Alhamisi, 8 Agosti
Wageni ishirini na wawili. Uji tena. Wachuka amewatangazia maombi makubwa Jumamosi, na kwamba hati inamruhusu kuchinja. Kuchinja nani? Brigedia! Kondoo wangu niliyemfuga ndani ya nyumba, miaka miwili nikimlisha majani ya viazi vitamu kwa mkono wangu, mkia umenona hadi kutembea ni shida. Ni wa Krismasi, ili Hezekiah akimwona akose usingizi! Nikakoroma kupinga. Mama Watiri, jirani yetu, akasema maskini, anakubali.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimefikiria kupona. Lakini nikipona leo, Hezekiah atasema nilidanganya. Nikinyamaza, Brigedia anakwenda. Nimelia machozi ya kweli. Wachuka akanipangusa uso huku ameficha wake kwenye leso, mabega yakimtikisika. Analia naye! Mke mwema.

Jumamosi, 10 Agosti
Nyama imeanza kunukia. Nimevumilia wimbo wa kwanza. Nimevumilia wa pili. Kisha nikamsikia Hezekiah nje ya dirisha: "Ati hii mkia iko na mafuta namna hii? Nipatie yote!"
Nikaruka kitandani na blanketi mabegani. "Wacha mkia yangu!"
Nyimbo zikakatika. Halafu vigelegele! Muujiza! Wakanibeba juu juu, wakaimba, wakanizungusha uwanja mzima. Sijawahi kupendwa hivyo maishani. Hezekiah alinikumbatia akilia, akasema maombi yake yamejibiwa. Sifa zote zikamwendea yeye. Mkia pia. Mimi nikapata mbavu mbili, nikacheza mpaka magoti yakauma.

Jumapili, 11 Agosti
Wachuka anacheka tangu asubuhi. Alijua siku ya kwanza. Mtu aliyekufa mkono wa kulia, anasema, hajazi ukurasa kila siku. Ni yeye aliyekuwa akichonga penseli, asije akakosa la kusoma. "Baba Kagure," akaniambia, "ile ya Ijumaa uliandika vizuri sana." Nikamwomba hati tuichane. Akakataa, amezoea kuamua. Nikacheka nami, ningefanya nini?
Nimekiri kosa langu. Kuugua ni jambo dogo mno kwa hati kubwa. Mchana nimenunua mwana-kondoo, jioni nikaenda kwa Masinde kupiga taipu karatasi mpya. Kifungu cha kwanza: nikifa kwa mara ya kwanza, kondoo asiguswe.