Zebra Mbele ya Kibanda Changu

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata kazi! Kazi ya utafiti. Watu wa usalama barabarani wanachunguza jinsi wananchi wa Chapwa wanavyovuka barabara kuu ya kwenda mpakani. Wangapi, wapi, wanaangalia kulia kwanza au wanajirusha tu. Mimi nahesabu hapa, mbele ya kibanda changu cha chipsi. Zabron anahesabu mita mia mbili kule mbele, karibu na banda lake la supu. Panapovuka watu wengi ndipo watakapopendekeza pachorwe zebra na kuwekwa matuta.

Zebra! Magari yote ya Zambia yasimame mbele ya chipsi zangu, tena kwa sheria! Miaka mitatu kibanda kipo pale na malori yanapita kana kwamba hakipo. Tumpale, mke wangu, anakaanga viazi halafu wanaangaliana navyo mpaka jioni. Zebra hii lazima iwe yangu.

Msimamizi wetu, Madam Teresia, amesifu mwandiko wangu. Sikumwambia kwamba kibanda ni changu. Hakuuliza. Afadhali.

Hesabu ya leo: kwangu watu 61. Kwa Zabron 214. Ana kijiwe cha bodaboda pale, halafu anajifanya ni juhudi. Kaja mpaka kwangu kunisomea namba yake bila kuulizwa. Nimekula chakula cha jioni na reflekta ya kazi mwilini. Tumpale kasema nivue. Sikuvua.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kuvuka mwenyewe. Mara arobaini, kwenda na kurudi, kila mara naongeza kijiti kwenye fomu. Kwenye safari ya thelathini Zabron kapita, kauliza nimepoteza nini. Nikasema nanyoosha miguu. Jioni Madam kaeleza, kwa upole kabisa, kwamba anayehesabu hajihesabu. Nimefuta vijiti arobaini. Nimebaki na 58. Magoti yanauma. Lakini hakunifukuza, nashukuru.

Halafu, bahati! Saa kumi na moja baba yangu, Mzee Jairo, kafika kutoka Ileje. Kaja kuangaliwa macho, miadi yake ni wiki ijayo, kafikia kwa shangazi Rozi. Tunatembea naye kando ya barabara, mara mke wa kaka yangu Boazi huyo anatokea na ndoo kichwani. Kamwona Mzee. Kanga usoni, kakata kona, kavuka barabara mpaka upande wa pili. Alipokwisha kutupita, kavuka tena kurudi. Kwetu Wandali ndivyo. Mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, anampisha njia. Wengi mjini wameacha. Ukoo wetu haujaacha.

Nikaanza kuhesabu vidoleni. Wake zetu sisi wanawe. Wake za wana wa ndugu zake, maana na hao ni wakamwana wake vilevile. Chapwa peke yake wapo kumi na mmoja. Kila mmoja anaenda sokoni, bombani, mashineni kusaga. Na kila safari ni kuvuka mara mbili.

Nimecheka peke yangu mpaka shangazi kauliza kama naumwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimeweka benchi kando ya kibanda, na mwavuli, na redio. Nimemwambia Mzee jua la asubuhi ni zuri kwa macho. Kakaa. Kafurahi. Kasema sijawahi kumjali hivi tangu nizaliwe. Nikajisikia vibaya kama dakika moja.

Maajabu! Wanatokea wanawake wawili wawili kutoka sokoni, wanaona kofia ya Mzee, hao upande wa pili. Wenzao wasio wakwe nao wanawafuata ili maongezi yasikatike. Penseli imeisha ncha mara mbili. Watu 187!

Kuna kitu kimoja nilisahau. Tumpale naye ni mkamwana wake. Saa moja asubuhi kafika na viazi, kaliona benchi, kageuza. Akapiga simu kuuliza leo anakaanga nani. Nimekaanga mwenyewe huku nahesabu. Dereva mmoja Mzambia kaonja chipsi mbili, kanirudishia sahani kwa mikono miwili, kwa heshima kama ya msibani. Kibanda kimefungwa saa sita. Si kitu. Zebra ikija tutafungua.

Alhamisi, 6 Juni

Kwangu 243. Kwa Zabron 209. Nimemsomea namba yangu bila kuulizwa.

Zabron si mjinga. Kaja kumsalimia Mzee, shikamoo ndefu, kisha kamuuliza ana watoto wa kiume wangapi. Mzee kawataja wote, na wa ndugu zake pia, mmoja mmoja, na wake zao wametoka wapi. Zabron kaanza kuhesabu vidoleni. Mchana naye kamleta baba yake kutoka Hasamba, kamkalisha kwenye stuli mbele ya supu. Masikini Zabron! Baba yake ana mkamwana mmoja, na huyo anaishi Mbeya. Mzee wa watu kanywa supu siku nzima, hakuna hata mmoja aliyemkimbia.

Madam Teresia kasimama kwangu saa nzima. Anashangaa. Kasema kwangu wanawake wanavuka mara mbili ndani ya hatua thelathini, nyuso zimefunikwa, hawaangalii kulia wala kushoto. Kaniuliza sababu, kwa kuwa mimi ni mwenyeji. Nikasema jua. Kaandika "jua" na alama ya kuuliza. Nimeshusha pumzi.

Tumpale hasemi nami. Ananiwekea chakula kisha anatoka nje.

Ijumaa, 7 Juni

Leo sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Tangu asubuhi foleni ya malori ilikuwa imesimama, kwa hiyo wanawake walikuwa wanapita katikati ya magari bila shida. Nikazoea. Wakazoea. Saa kumi foleni ikaanza kusogea. Tumpale akatokea sokoni na ndoo ya viazi. Kaona kofia ya Mzee. Kavuta kanga machoni, kaingia barabarani.

Lori lilikuwa linakuja. Nililiona. Nina reflekta, nina filimbi shingoni, nimesimama kama mti.

Mzee ndiye aliyekimbia. Yeye wa macho mabovu! Kikombe huku, redio kule, kaita "Tumpale!" kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Zabron, kamkamata mkono, kamvuta. Wakaanguka wote wawili kwenye vumbi. Tairi likapita juu ya ndoo.

Mzima! Mke wangu ni mzima! Kiwiko kimechubuka, basi. Nimemshika kichwa, mabega, vidole, nahakikisha vipo vyote. Dereva kashuka, anarudia "mwebantu, mwebantu", yaani jamani jamani kwao, na kumshukuru Mungu kwa lugha tatu. Nimekaa chini nikalia mbele za watu. Zabron kaniletea maji. Nikanywa.

Mzee na Tumpale walipogundua walivyoshikana, wote wakageuza nyuso. Miaka sita ya ndoa yetu Mzee hajawahi kumtaja mke wangu jina. Hakuna aliyecheka.

Hesabu: sijui. Baada ya saa kumi sikuandika kitu.

Jumamosi, 8 Juni

Kikao kwa shangazi Rozi. Mzee kauliza nani aliweka benchi pale, na kwa nini. Nikasema yote. Zebra, vijiti, wakamwana kumi na mmoja. Kisha Mzee kasema alidhani nampenda. Nikasema nampenda. Kasema basi siku nyingine nimpende akiwa ndani ya nyumba.

Shangazi kachinja kuku. Tumpale kampakulia Mzee kwa mkono wake mwenyewe, chumba kimoja, uso kwa uso, na yule mzee kala mpaka mfupa. Kasema wameshashikana, woga wa kukwepana umekwisha, na wale kumi wengine nao waje, wamsalimie. Wamekuja jioni, wamepanga mstari mpaka uani. Mke wa Boazi kasema amechoka kuvuka barabara tangu aolewe. Wamecheka wote, na Mzee kacheka mpaka machozi. Sijaona nyumba ile na furaha hivyo. Tumpale kaniongelesha! Kaniambia nipishe njia, lakini ni maneno.

Kilichobaki ni Madam. Nimemweleza ukweli, nikasubiri kuvuliwa reflekta. Kafuta hesabu zangu tangu Jumatano. Kisha kavuta kiti, kaniomba nimweleze habari za ukwe tangu mwanzo. Kaandika kurasa nne! Kasema miaka yote wanawauliza watu kama wanajua sheria za barabarani, hakuna aliyewauliza wanamkwepa nani. Na kuhusu kibanda, Zabron alikwisha kumwambia tangu Jumatatu.

Sijafukuzwa. Leo nitalala kwa raha tu.

Jumatatu, 10 Juni

Madam katangaza. Kwa Zabron kuna watu wengi, kwangu kuna hatari, kwa hiyo hajaamua. Kesho na keshokutwa patachorwa mistari ya chokaa sehemu zote mbili, kwangu na kwa Zabron, askari wa usalama barabarani watakuwepo kusimamisha magari. Patakapoonekana watu wengi zaidi wanavuka kwa utaratibu, kwenye mistari, ndipo atakapopendekeza zebra ya kudumu.

Tumpale kaniapisha mbele ya Mzee kwamba sitampanga mtu yeyote barabarani kwa ajili ya hesabu. Nimeapa, mkono wa kulia juu. Nimeapa kwa moyo wote. Ile ndoo sijaisahau.

Nikatoka kwenda kununua viazi. Njiani nikakutana na Elizabeti, mwalimu wa kwaya. Wanajiandaa kwa jubilei, wanahitaji sehemu ya wazi ya kufanyia mazoezi ya maandamano. Watu thelathini na wanane! Wanatembea kwa mstari, kwa hatua, na wakiambiwa waangalie kulia wanaangalia wote kwa pamoja.

Kesho saa mbili asubuhi wanakuja kwangu, na sare. Wataingia upande wa kibanda na kutokea upande wa pili, kisha wanarudi, mpaka wimbo uishe. Nimemwomba Elizabeti achague wenye beti nyingi.

Tumpale nitamwambia Alhamisi.